Niliandika Jina la Mumbua

Mwalimu wetu wa Kiingereza alizikwa mwezi uliopita. Nilipata habari kwenye kundi la simu la wale tuliosoma pamoja karibu na Matiliku, na kabla sijamaliza kusoma tangazo, wenzangu walikuwa wameshaamua kwamba mimi ndiye nitakayeandika maneno ya kumuaga. "Ndinda, wewe ulikuwa kipenzi chake," mmoja aliandika. Mwingine akaongeza, "Sisi wengine Kiingereza chetu kilibaki kule kule darasani." Niliandika mstari mmoja wa pole kwa familia, basi. Mazishini sikwenda. Nasikia wamesema nimeanza kuringa tangu niajiriwe kortini.

Waseme. Ningeandika nini? Kila ninachokumbuka juu ya mwalimu yule kina Mumbua ndani yake, na habari za Mumbua si za kusomwa mbele ya jeneza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikia harufu ya ubao. Si ya chaki, ni ya ubao wenyewe. Kila Ijumaa mchana tuliupaka weusi upya. Tulisaga mkaa, tukapasua betri kuukuu za redio tukatoa ule unga wa ndani, tukaukanda na majani mabichi mpaka viganja vikashika rangi isiyotoka hadi Jumapili kanisani. Ubao ulipokauka ulinuka kama moto uliozimwa kwa maji. Wa rika langu wanaijua harufu hiyo. Kwenye ubao huo ndipo nilipojifunza Kiingereza, na nilijifunza vizuri. Hilo siwezi kulikana.

Mwalimu alikuja tukiwa darasa la sita. Alitoka mbali, upande wa magharibi, na Kikamba hakujua hata salamu. Alikuwa mwembamba, suruali imepigwa pasi mpaka mkunjo unaweza kukata nyanya, na kwapani alibeba kitabu kisicho na jalada alichotoka nacho chuoni. Alituambia kitabu hicho kinaeleza jinsi akili ya mtu inavyofanya kazi. Siku ya kwanza aliingia akapiga kelele, "Attention!" na sisi, bila kujua maana, tukasimama wima. Kuanzia hapo tulimwita Tenshen.

"Akili ni nyumba yenye mlango mmoja," alituambia. "Na pale mlangoni kuna mlinzi. Neno likija na mlinzi amelala, neno litapita njia yake. Hata mkilikariri mara mia, halitaingia."

Walimu waliomtangulia walitufundisha Kiingereza kwa kunakili. Tenshen alitufumbisha macho. Alituambia tusikilize sauti tano, kisha tuzitaje: mabati yanayolia kwa jua, kuku, kikohozi cha mwalimu wa darasa la kwanza, jembe likigonga jiwe kwa jirani, na ya tano ilikuwa pumzi ya aliyeketi karibu nawe. Kabla ya siku hiyo sikuwahi kujua kwamba nasikia. Nilikuwa nasikia tu. Kisha akatupa maneno ya huko kuwa macho: "notice", "aware", "alert", "conscious". Halafu akatupa ya upande wa pili, ya mlinzi aliyelala: "drowsy", "absent-minded", "unconscious". Nilikuwa mtoto wa mkulima wa ndengu, na sikudhani vitu vinavyopita kichwani mwangu vina majina. Niliyapenda maneno hayo kama mtoto mwingine anavyopenda peremende.

Alikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, kila kipindi kilianza kwa kupumua. Tulisimama tukavuta pumzi na kuitoa kwa nguvu na kwa haraka, mara thelathini, yeye akihesabu. "Mnaamsha ubongo," alisema. Ya pili ilikuwa njuga ya mbuzi aliyoiweka mfukoni. Katikati ya somo aliitikisa ghafla na kumwelekezea mtu kidole: "Where was your mind?" Ulipaswa kujibu kwa Kiingereza akili yako ilikuwa wapi. Ukisema ilikuwa kwenye chakula, darasa lilicheka naye alicheka. Usipojibu, ulipelekwa kusimama nyuma ya darasa.

Niliketi dawati moja na Mumbua. Boma lao na letu yalitenganishwa na ua wa mikatani, na tangu darasa la kwanza tulikuwa tukienda shule pamoja. Mumbua alikuwa na akili nyepesi kuliko yeyote. Neno alilisikia mara moja tu. Njiani aliyaandika maneno mapya kwa kijiti kwenye ngozi kavu ya paja lake, mistari myeupe, kisha akayafuta kwa mate na kuniambia, "Niulize." Nilimuuliza, naye hakukosa.

Lakini Mumbua alikuwa na kitu. Katikati ya kuandika, penseli ilisimama. Macho yalibaki wazi, kope zikitetemeka kidogo, na midomo ilichezacheza kama mtu anayeonja chumvi. Ungehesabu mpaka nane au kumi. Kisha penseli iliendelea pale pale ilipokuwa imeachia, kwenye herufi ile ile, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtu wa mbali hangeona. Mimi niliona kwa sababu viwiko vyetu viligusana.

Mwalimu wa zamu alipoita majina asubuhi, asiyekuwepo aliandikwa "absent". Na Tenshen alikuwa ametufundisha kwamba kuna mtu "absent-minded", asiyekuwepo kimawazo. Nikaunganisha mambo hayo mawili kwa akili yangu ya utoto. Niliamini kwamba Mumbua anatoka. Mwili unabaki dawatini, mwenyewe anakwenda mahali, na anakataa kuniambia ni wapi.

Siku moja tukitoka mtoni nilimuuliza. "Mumbua, huwa unaendanga wapi?"

"Lini?"

"Ukinyamaza hivi." Nikamwigiza, macho yamekodoa.

Alinicheka. "Mimi siendi mahali. Ni nyinyi mnaruka."

"Tunaruka?"

"Eeh. Mwalimu anakuwa huku kwa dirisha, mara yuko pale kwa mlango. Sijamwona akitembea. Na wewe unakuwa unasema kitu, mara uko katikati ya kitu kingine." Alinitazama akiwa makini. "Kwani kwako watu hawaruki?"

Nilisema wanaruka. Sikutaka kukosa kitu alichonacho yeye. Kwa muda mrefu nilijitahidi kumwona Tenshen akiruka kutoka dirishani hadi mlangoni, lakini kila siku alitembea tu kama watu wote.

Muhula wa pili Tenshen alinipa daftari dogo na kunifanya mlinzi wa darasa. Kazi yangu ilikuwa kuandika jina la kila mwenye mawazo yaliyotangatanga. Mwanzoni nilimfichia Mumbua. Nilipoona penseli imesimama nilimgusa mguu, ingawa kumgusa hakukusaidia. Nilimwegemea ili mwalimu asione uso wake. Tulikuwa hivyo kwa wiki kadhaa.

Kisha yakatangazwa mashindano ya maneno ya Kiingereza, yafanyike mjini Sultan Hamud, na kila shule ipeleke mtoto mmoja. Kila mtu darasani alijua atakayekwenda. Hata mama yangu alijua. Jioni alipokuwa akichagua maharagwe alisema, bila nia mbaya, "Mtoto wa jirani atatuletea sifa." Nilikuwa nimeketi hapo hapo na daftari langu.

Kesho yake niliandika jina la Mumbua. Siku iliyofuata nililiandika mara mbili. Nilijiambia kwamba ni kazi yangu, na kwamba si uongo, kwa kuwa kweli hakuwa akisikiliza. Tenshen alianza kumsimamisha nyuma ya darasa. Mumbua hakujua ni nani aliyemwandika, au kama alijua, hakusema. Njiani aliendelea kuniambia, "Niulize."

Siku ya kuchaguliwa tulibaki wawili mbele ya darasa, mimi na yeye. Tenshen alituambia kwanza tupumue. Tulipumua mara thelathini, haraka haraka, kifua kikipanda na kushuka. Aliponyamaza, alimgeukia Mumbua na kumpa neno.

Mumbua hakujibu. Macho yalikuwa wazi yakimtazama moja kwa moja. Kope zilitetemeka na midomo ikaonja chumvi.

"Mumbua. Give me the meaning." Kimya. "Nakuuliza!"

Darasa lilianza kucheka. Nadhani ndicho kilichomuudhi Tenshen. Alidhani mtoto anamtazama usoni na kumdharau mbele ya wenzake. Alimpiga kofi. Mumbua aliyumba, akashika shavu, akamtazama kama mtu aliyepigwa na mlango uliofunguliwa na upepo.

"Kwa nini hujibu?"

"Haujaniuliza, Mwalimu."

Darasa lililipuka. Tenshen alinigeukia mimi, sauti yake ikashuka. "Ndinda. You sit with her. You are the guard. Is she sick, or is she doing it deliberately?"

Neno hilo la mwisho, la kufanya jambo kusudi, lilikuwa la wiki ile. Kwa miaka mingi nilijaribu kujidanganya kwamba sikulielewa, kwamba nilikuwa mtoto nikijaribu kutumia neno jipya. Si kweli. Nilikuwa nimepata kumi kwa kumi. Nilijua maana yake, nilijua pia maana ya "sick", na kati ya maneno hayo mawili nilichagua.

"Deliberately, sir," nilisema.

Alinisifu kwa matamshi.

Mama yake Mumbua aliitwa shuleni keshoye. Alikuja na leso yake ya kanisani, viatu ameviosha, akaketi ukingoni mwa kiti katika ofisi ya walimu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, na Tenshen hakujua Kikamba. Walimu wengine walikuwa darasani. Kwa hiyo niliitwa mimi kutafsiri. Mumbua alisimama ukutani, mikono nyuma.

"Mwambie mtoto wake ana akili," Tenshen alisema, "lakini ana kiburi. Anazubaa kusudi."

Nilimwambia kwa Kikamba. Mama Mumbua alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, akinitazama ili nisipoteze kitu:

"Mwambie mwalimu, mtoto huyu yuko hivyo tangu aanze kutembea. Akichota uji, upawa unasimama hewani. Akiomba na sisi, anaishia katikati ya sala. Nilimpeleka kwa pasta akaombewa, na bado. Mwambie sidhani ni yeye anayefanya. Mwambie, kama kuna mahali pa kumpeleka, anielekeze."

Tenshen alinigeukia. "Anasemaje?"

Nilijua kwamba nikiyasema hayo, ataniuliza kwa nini jana nilisema vingine.

"Anasema atamwonya," nilijibu.

"Vizuri," Tenshen alisema, akasimama. Mama Mumbua naye alisimama, akanishika kichwa kwa mkono wake mzito, akaniambia, "Asante, mwanangu." Mumbua alikuwa pale pale ukutani. Alijua Kikamba, na Kiswahili alikijua. Aliniangalia, kisha akaangalia sakafu.

Nilikwenda Sultan Hamud nikashinda. Nilipewa kamusi na kupigiwa makofi na watu nisiowajua. Mumbua alisimama nyuma ya darasa muhula ule mzima, karibu kila siku, na hakuniambia tena "Niulize." Nyumbani kwao, likizo ilipofika, alikuwa akiipua sufuria ya uji kwenye mafiga. Nilikuwa kwetu ng'ambo ya ua na nilisikia mayowe ya mama yake. Uji ulimmwagikia Mumbua mkono wa kulia na vidole vikaungana katika kupona. Shule ilipofunguliwa hakurudi. Watu walisema ni mzembe, mtoto gani anajimwagia uji huku anautazama?

Mimi niliendelea. Maneno yalinipeleka sekondari, na baadaye kortini, ambako ninakaa chini ya hakimu na kugeuza Kikamba cha wazee kuwa Kiingereza. Wanasheria wananipenda kwa sababu siachi neno hata moja. "Mshtakiwa alifanya kwa makusudi," husema kila wiki, na kila wiki ninalitafsiri neno lile bila sauti yangu kubadilika. Nilijifunza kutomfikiria Mumbua. Hata hilo ni ufundi alionifundisha Tenshen, kuchagua cha kuingia mlangoni na cha kubaki nje.

Mwaka huu mwalimu wa binti yangu Katunge alinipigia simu. Mtoto hatulii kimawazo, alisema, ukimwita haitiki. Nilimwangalia akila chakula cha jioni, na kijiko kikasimama hewani. Kope zikatetemeka. Midomo ikaonja chumvi. Nilishika ukingo wa meza.

Daktari alikuwa kijana, anaongea taratibu. Alimpa Katunge kipande cha karatasi, akamwambia akipulize kwa nguvu, tena na tena, kama anayewasha jiko. Katunge alipuliza, kifua kikipanda na kushuka. Kabla ya dakika mbili, karatasi ilitulia mkononi mwake na macho yakasimama.

"Unaona?" daktari alisema, bila haraka. "Ni aina ya kifafa. Si kile cha kuanguka. Ubongo unakatika kwa sekunde chache, kama stima inayopotea na kurudi. Ukipumua kwa kasi unaweza kukiamsha, ndiyo maana nimempulizisha. Yeye mwenyewe hajui kimetokea." Aliandika dawa. "Usijali, mama. Wengi wanakuwa sawa kabisa. Kibaya ni pale mtoto anapochapwa akidhaniwa ana kiburi."

Nilimwomba aniruhusu nitoke nje kidogo.

Sikungoja wiki iishe. Mumbua, niliambiwa, anauza nafaka Sultan Hamud, kwenye vibanda nyuma ya barabara kuu. Nilimtambua kabla hajanitambua. Alikuwa amenenepa, kitambaa kichwani, ungo wa ndengu magotini. Alitoa mawe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliutumia kama kijiti cha kusukumia.

"Ndinda wa kortini," alisema hatimaye, akanisogezea kigoda. "Karibu. Umepotea."

Tuliulizana habari za nyumbani. Mama yake alikuwa amefariki zamani. Nilisema pole, kisha nikaogopa kwamba nikinyamaza sitaweza kuanza tena, nikamwambia yote. Habari za Katunge, karatasi, na daktari. Nikamwambia ilikuwa ugonjwa, wenye jina na wenye dawa, na kwamba kule kupumua kwa Tenshen ndiko kulikouamsha kila kipindi. Nikamwambia nani aliyeandika jina lake. Nikamwambia maneno ya mama yake niliyoyaacha.

Alisikiliza huku vidole vikiendelea kutafuta mawe.

"Ile kitu iliisha yenyewe," alisema. "Nilipofika umri wa kuolewa haikuwa inakuja tena. Nikasema, afadhali, nimeacha ile tabia."

"Haikuwa tabia, Mumbua."

"Sasa ndio unaniambia." Hakupandisha sauti. "Mama alikuwa akinitetea, lakini mama ni mama. Mimi nilikuwa sijioni. Wewe ndiwe ulikuwa unaniona. Nilipokusikia ukimwambia mwalimu, halafu ukaacha maneno ya mama, nilifikiri, Ndinda ni rafiki yangu, hawezi kunisingizia. Kama amesema ni kusudi, basi iko mahali ndani yangu napofanya kusudi, ni vile sijui." Aliinua macho. "Uliona nikifanya kusudi?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Mteja alifika akataka ndengu, makopo mawili ya gorogoro. Mumbua alisimama, akapima, akafunga mfuko kwa meno na mkono mmoja, akamshukuru. Aliporudi kuketi aliuweka tena ungo magotini.

"Mtoto wangu wa pili alikuwa nayo," alisema. "Alianza akiwa na miaka sita. Kijiko kinasimama hivi, ananiangalia tu." Alipitisha mkono juu ya ndengu kuzitandaza. "Nilimchapa, Ndinda. Nilisema nimtoe kiburi mapema, kisimharibie masomo vile kiliniharibia mimi. Kila ikimjia, namchapa. Alikuwa ananiuliza, mama, nimefanya nini? Na mimi namwambia, unajua."

Nilimwita, "Mumbua." Mumbua aliuvuta ungo karibu, akainama, akaendelea kutoa mawe, na hakuinua kichwa tena mpaka nikaondoka.